Mfuko wa maji ya moto wa Kariakoo: tumbo unalituliza, ile wiki ya kabla ya hedhi hauigusi

Wadada naona kila mwezi mnaulizana huu mfuko wa mpira wa kuwekea maji ya moto kama unasaidia kweli maumivu ya hedhi au ni biashara tu, mi ninao tangu mwaka wa pili wa chuo na saivi namalizia wa tatu, kwaio nina cha kusema. Ni ule wa lita mbili, mpira mwekundu wenye mistari mistari, kizibo cha kuzungusha, na unakuja na kikoti cha manyoya cha kuuvalisha. Nimenunua Kariakoo kwa wale wauza vifaa tiba, kaka alianza na elfu kumi na nane tukamalizana elfu kumi na mbili na alijifanya kaonewa.

Nyota nne kwa kazi ambayo mfuko umetengenezewa. Nyota moja kwa kazi ambayo muuzaji alisema utafanya, maana alinambia "hii dada'angu inamaliza mambo yote ya kike, tumbo, kiuno, hasira, kulia lia, kote inapita". Haipiti kote, na hapo ndo nataka tuelewane, ila ngoja kwanza nimalize uzuri wake.

Kukanda tumbo hakuna mgeni, mama zetu wanakanda kwa kitambaa na beseni, shida ya kitambaa kinapoa kabla hujaanza kusikia raha, unachovya unakamua unachovya unakamua. Mfuko ukishaufunga na kanga juu ya kile kikoti joto linakaa muda mrefu, unajilaza unauweka chini ya kitovu na unaendelea kusoma notsi zako kwenye simu. Kile kinachouma ni mji wa mimba unajikamua kutoa ule utando wake, unasukumwa na kemikali zinaitwa prostaglandini, zikiwa nyingi misuli inajibana hadi damu inapita kwa shida, ndo maumivu yale yanashuka hadi mapajani. Joto linalegeza ile misuli. Na sio maneno ya bibi tu, kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2001 waliwavalisha wanawake kiraka cha joto la nyuzi 39 hivi tumboni wengine wakapewa ibuprofen, na kiraka hakikupitwa na kidonge. Nyuzi 39 lakini, sio maji yanayotokota!! Naona watu wanamimina moja kwa moja toka kwenye jagi la umeme alafu wanakuja kulalamika mpira umelegea au wameungua.

Namna ya kuutumia kama hujawahi: acha maji yatulie kidogo baada ya kuchemka, jaza kama theluthi mbili, alafu ulaze mfuko mezani shingo ikiwa juu uubonyeze taratibu hadi maji yaonekane shingoni, hapo umetoa hewa yote, ndo ufunge. Ukiacha hewa unavimba na haukai vizuri tumboni, unateleza kila ukipumua. Usiukalie wala usiulalie kwa juu. Na usiuweke kwenye ngozi mtupu kila siku, kuna mdada wa ghorofa ya chini kwetu tumbo lake lina madoa ya kahawia yamekaa kama wavu, ni joto la kurudia rudia hilo.

Kitu kingine angalia shingoni kabla hujalipa. Mifuko mingi inayofuata viwango vya Uingereza inakua na kiua kimechorwa kwenye mpira wenyewe, katikati mwaka uliotengenezwa, petali zake 12 ndo miezi na vidoti ndani yake ni wiki. Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa tu dukani, wanashauri ubadilishe baada ya miaka miwili mitatu, sasa kuna wengine wanauziwa mfuko ambao tayari umeshakula miaka yake kwenye boksi. Wangu kiua kipo, kaka alishangaa nakikodolea macho akasema hajawahi kuona mteja anasoma mfuko. Ukikosa kiua basi ukunje kidogo shingoni, ukiona nyufa nyufa nyembamba rudisha.

Nyota moja nimeitoa kwa harufu. Ule mpira ukipata moto mara ya kwanza unanuka tairi, chumba kizima kinanuka tairi, inabidi uujaze na kumwaga mara kadhaa kabla haijapungua. Alafu kikoti kinanyonyoka manyoya.

Kwa wa hosteli shida ni maji yenyewe. Hita hairuhusiwi, jagi la umeme ukikamatwa nalo ni kesi, kwaio mi nakua na chupa ya chai najaza kwa mama anaeuza chapati nje ya geti. "Shikamoo mama, naomba maji ya moto." "Marahaba mwanangu, tumbo tena?" Ananijazia kwa mia tano na siku nyingine hataki hela kabisa anasema nenda kalale. Huyo mama nampa nyota tano na hata hauzi mfuko.

Vidonge sijaviacha, watu wanadhani ukiwa na mfuko basi hutakiwi kumeza. Vinakwenda pamoja vizuri. Ibuprofen na hizo za jamii ya diclofenac zinazuia prostaglandini isitengenezwe, ndo maana ukimeza mapema ule mkato wa kwanza tu unapata nafuu kuliko ukisubiri mpaka unagaragara. Panadol inasaidia wengine ila kwa hili tumbo kwa kawaida haifiki kule. Meza umekula, na kama una vidonda vya tumbo au pumu usijiamulie mwenyewe, muulize mfamasia. Nasema hivi kwasababu hosteli tunagawana vidonge kama pipi, mtu anakurushia Diclopar kitandani hajui hata kama una vidonda.

Haya sasa, ile wiki ya kabla.

Vitu vyote tunavyouziwa, mfuko, vidonge, pedi za aina aina, chai sijui ya nini, vinahusu siku yenyewe. Mi siku yenyewe naimudu. Kinachonila ni siku zile tano sita kabla, ambazo tumbo hata haliumi na kwa nje nipo mzima. Matiti yanajaa mpaka sidiria inakua adhabu, jinzi ya juzi leo haifungi, usiku macho makavu alafu asubuhi saa mbili kwenye lekcha usingizi wa kufa mtu. Unasoma slaidi, unarudia, unarudia tena, hujui imesema nini. Njaa ya vitu vitamu, boom lenyewe (hela ya mkopo wa chuo) ndo lile afu unajikuta unanunua keki na soda usiku wa manane. Rum meti akifunga mlango kwa nguvu unataka kupigana nae, na akikuuliza kwa upole "shoga mbona umenuna" ndo unalia. Nimeshalia kwenye basi la mwendokasi toka Kimara kisa kaka mmoja kanikanyaga na akaomba samahani vizuri tu, yani ile samahani ndo ikaniliza, kaka wa watu akashuka Magomeni anageuka nyuma kuniangalia.

Na piga hesabu mwenyewe. Muhula unaenda kwenye wiki 15 na ushee, mzunguko ni wiki nne hivi, kwaio ndani ya muhula mmoja unakutana na hiyo wiki mara tatu hadi nne. Wiki tatu nne kichwa hakishiki kitu, kati ya 15, na mwenzako ulieanza nae anakimbia tu. Test haijali, prezentesheni haijali, kikundi cha diskasheni ndo kabisa, shoga yangu mmoja wa uhasibu alijitoa kwenye kikundi kizuri kabisa kisa ujumbe mmoja wa WhatsApp, baada ya siku tatu hedhi ikaingia akausoma tena ule ujumbe akaona wala haukua na kitu, lakini nafasi yake ashachukua mtu mwingine. Ukiwa na tumbo unagaragara hata lekchara mkali anakuonea huruma. Wiki ya kabla una cha kumwonyesha? Huna. Unaonekana mvivu tu, au una gubu.

Na usidhani ni maringo ya wadada wa siku hizi. Daktari mmoja wa New York, Robert Frank, aliliandika hili jambo mwaka 1931, na 1953 kule Uingereza Katharina Dalton na Raymond Greene wakaliandikia kwenye jarida la madaktari wakaliita kwa hili jina la PMS (premenstrual syndrome, yani dalili za kabla ya hedhi) tunalolitumia leo. Chama cha madaktari wa wanawake cha Marekani, ACOG, kina kipimo chake: dalili ziwepo ndani ya siku tano kabla ya hedhi, zijirudie mizunguko mitatu mfululizo, ziishe ndani ya siku nne baada ya damu kuanza, na ziwe zinakuvuruga shughuli zako. Hiyo ya kuvuruga shughuli ndo muhimu, maana kuvimba kidogo na kununa kidogo karibu wote tunapata.

Sasa mfuko utafanya nini hapo? Kiuno kikiuma utakisaidia, na ule uzito wake wa moto miguuni ukitaka kulala ni mtamu sitakataa. Hasira hauigusi. Umakini hauigusi. Yule kaka wa Kariakoo aache.

Ila afadhali yeye alidanganya kwa elfu kumi na mbili na mfuko nikapata. Wapo wa Instagram wanaokuuzia maji ya chupa ya "kubalansi homoni" elfu themanini, na wengine ya "kusafisha kizazi" na kutoa chango. Nikwambie kitu, wanaosoma haya mambo wanasema wenye PMS kali homoni zao mara nyingi zipo sawa tu na za wengine, tofauti ni ubongo unavyolipokea lile panda shuka baada ya yai kutoka, na serotonini, kemikali ya ubongo ya mambo ya mudi, inahusika humo. Sasa wanabalansi nini? Hawajakupima hata damu. Kabla hujatuma hela waulize hiyo chupa imesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, utaona wanavyokublok.

Kilichonisaidia mimi zaidi ya mfuko ni daftari. Nilianza na programu za simu. Clue ya Wajerumani wa Berlin naipenda, haina mapinki pinki, unaandika mudi, usingizi, ngozi, inakukadiria siku zako. Flo ina maneno mengi na inakuomba ulipie kila ukigeuka, na kumbuka 2021 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, ilimalizana nayo kwa makubaliano kwasababu ya tuhuma za kupeleka taarifa za afya za watumiaji kwa makampuni kama Facebook na Google baada ya kuwaahidi itakua siri, walitakiwa wawe wanaomba ridhaa kwanza. Kwa mtu ambae simu yake inashikwa na kaka zake na boifrendi pia programu ina yake, ile notifikesheni inatokea kwenye skrini "hedhi yako inakaribia" upo kwenye diskasheni simu ipo mezani, haipendezi.

Kwaio kaunta buku. Kila usiku kabla ya kulala, mistari mitatu: tarehe, nini kimenisumbua, na namba toka moja hadi sita ukali wake. Hiyo ya moja hadi sita nimeitoa kwenye fomu wanayotumia madaktari inaitwa DRSP, wao wanataka uijaze kila siku kwa mizunguko miwili angalau, na sharti ni ujaze siku ile ile, sio ukae mwisho wa mwezi ukumbuke, maana ukikumbuka kila ugomvi utausingizia hedhi. Bei ya daftari ni buku jero. Nyota tano.

Faida yake imekuja sehemu mbili. Kwanza nikajua wiki yangu mbaya inaanza lini, na tarehe za test sizipangi mimi lakini kazi za kuandika napanga, ripoti ndefu namaliza ile wiki hedhi ikishaisha ambayo kichwa kinakua kikali ajabu, na ile wiki mbaya najiwekea vitu vya kukopi, kupanga notsi, kufua. Rum meti nimemwambia kabisa, kalenda yangu anaijua kuliko mimi, siku hizi anafunga mlango kwa adabu. Pili, daftari linatenganisha. Huyo huyo rum meti alikua anasema na yeye ana PMS, akajaza, tukakuta namba zake hazishuki hata hedhi ikiisha, mwezi mzima yupo chini. Hiyo sio PMS hiyo, ni huzuni nyingine, akaenda kwa mshauri nasaha wa chuo na anaendelea vizuri kiasi. Bila kuandika angeendelea kununua chokleti.

Huduma ya hospitali sasa. Kituo cha kwanza nilichoenda sikitaji, nilikaa foleni toka asubuhi, daktari hakuinua macho, akanambia "ukizaa itaisha" akaniandikia Panadol. Nina miaka 22 na kozi haijaisha, nizae ili nifaulu statistiki?? Sehemu ya pili ni duka la dawa la kawaida tu maeneo ya Sinza, mfamasia ni mama wa makamo, akaniuliza inaanza lini, inaisha lini, nina pumu, nina vidonda, nakunywa enaji drinki ngapi, akaangalia daftari langu ukurasa kwa ukurasa na miwani yake imeshuka puani. Ndo akanifungua macho kuhusu kalsiamu. Kumbe kuna utafiti wa mwaka 1998 Marekani, wanawake waliokua wanapata miligramu 1,200 kwa siku dalili zao zilipungua karibu nusu kufikia mzunguko wa tatu, na waliopewa kidonge cha uongo nao zikapungua kwa kama asilimia 30, kwaio sio muujiza ila kuna kitu. Akasema kabla ya kununua makopo anza na sahani, dagaa wale wa kula na mifupa yao, mtindi, maziwa. Vitamini B6 nayo akasema ipo inayosaidia baadhi ya watu ila wasizidishe, dozi kubwa kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, mikono inakufa ganzi. Nimeanza dagaa, rum meti analalamika harufu, bora ya dagaa kuliko ya tairi.

Na akanambia kitu ambacho natamani wengi mkijue: kuna ile kali kabisa, PMDD, inawapata asilimia chache tu ya wanawake, ambayo mtu kila mwezi anafika mahali haoni sababu ya kuishi, alafu damu ikitoka anakua kama hakuna kilichotokea. Iko kwenye vitabu vya madaktari wa akili, DSM-5 ya 2013 imeiweka rasmi. Hiyo usikande na mfuko. Ina dawa za daktari, zile za mfadhaiko za familia ya fluoxetine, na kwa hili tatizo kuna wanaozimeza nusu ya pili tu ya mzunguko, kuna na vidonge vya uzazi wa mpango vya aina fulani. Ukiona unawaza kujidhuru usisubiri daftari lijae, nenda siku hiyo hiyo na mtu wa kukushika mkono.

Mazoezi nayo wanasema yanasaidia, mi natembea jioni mpaka Mwenge na kurudi, sijui kama ni mazoezi au ni mahindi ya kuchoma ya pale ila narudi nimechangamka.

Haya nirudi kwenye bidhaa. Kwa mwenye tumbo la siku ya kwanza na ya pili, nunua, elfu kumi na mbili inarudi haraka ukilinganisha na tunavyotumia kwenye pedi, ambazo kodi ya VAT waliitoa 2018 tukashangilia mwaka uliofuata wakairudisha. Kwa mwenye shida ya wiki ya kabla peke yake, tumbo haliumi, hela hiyo nunua kaunta buku na dagaa na chenji ibaki. Ile ya lita moja msinunue, inapoa haraka na bei inapishana kidogo tu. Ile ya umeme ya kuchaji inayotembea sana mtandaoni nimeijaribu ya jirani, joto lake zuri na haimwagiki, ila hosteli yetu umeme ukikatika ndo basi, na inataka soketi ambayo tayari ina simu za watu wanne.

Wauzaji wa Kariakoo wanaleta kwa boda hadi Mabibo kwa elfu tatu, mi nashauri uende mwenyewe, asubuhi kabla ya jua kali, uufungue kizibo uangalie kama ile pete ya mpira ya ndani ipo, nimeona mifuko miwili mitatu inauzwa bila hiyo pete na hiyo lazima itavujia kitandani.